Kuamsha Injini ya Zamani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mfumo wa Starta, Kutoka Hendeli Hadi Umeme

Injini ya mvuke ukiifungulia mvuke inaondoka. Mota ya umeme ukiiunganisha na betri inazunguka hapo hapo. Injini ya petroli haiko hivyo: ikisimama haina nguvu hata chembe. Lazima kwanza izungushwe na kitu kingine, ivute hewa na mafuta, igandamize mchanganyiko huo, ipate cheche kwa wakati wake, ndipo ishike na kujitegemea. Kwa takriban miaka thelathini ya mwanzo wa magari, tangu Benz na Daimler hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, "kitu kingine" hicho kilikuwa mkono wa mtu, na mkono huo uliumia sana. Mpaka leo madaktari wa mifupa wana jina la mvunjiko wa madereva: ni mfupa wa mkono unaovunjika karibu na kifundo, aina ya jeraha lililozoeleka pale hendeli iliporudi nyuma kwa kishindo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye injini ya zamani mbele yake, iwe ya gari, trekta au mashine ya kusaga, anayetaka kuipangia mfumo wa kuiwasha au kuuelewa ule aliourithi. Unamfaa pia mwanafunzi wa ufundi anayetaka kujua kwa nini starta ya leo imekuwa hivi ilivyo. Hoja yangu ni moja. Kuwasha injini ni kazi ya sekunde chache, na karibu kila uamuzi mzuri kuhusu starta unatokana na ufupi huo. Anayeusahau hujenga mota kubwa kupita kiasi. Anayeukumbuka lakini akasahau jinsi mota itakavyoachana na injini baada ya kuwaka, huivunja siku ya kwanza.

Mfano nitakaoutumia ni Ford Model T. Ilitengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na injini yake ilipita safari yote: ilianza na hendeli peke yake, na kuanzia 1919 ikaweza kupatikana na starta ya umeme. Vipimo vyake vinajulikana vizuri, kwa hiyo hesabu zake unaweza kuzirudia mwenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu ugumu wa injini yako

Kabla ya kuchagua chochote, jua injini inadai nguvu kiasi gani ili izunguke. Kuna mambo mawili: mgandamizo, ambao mafundi tunauita kompresheni, na msuguano.

Model T ina silinda nne na ujazo wa lita 2.9. Kipenyo cha silinda ni milimita 95.25, na pistoni inasafiri milimita 101.6. Uwiano wa mgandamizo ni mdogo, karibu 4 kwa 1. Ukizungusha polepole, sehemu ya hewa huvujia kwenye ringi za pistoni, hivyo presha ya juu kabisa utakayoipata ni takriban ba 4. Lakini pistoni ikiwa juu kabisa, mkono wa krankishafti (shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) umenyooka nayo, na presha hiyo haipingi mzunguko hata kidogo. Upinzani mkubwa hutokea mapema kidogo, nyuzi kama 25 kabla ya kilele, ambapo presha imefika ba 3 hivi na mkono wa krankishafti bado una pembe.

Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 71. Kwa presha ya ba 3.2, nguvu inayoisukuma ni nyutoni 2,280 hivi. Katika pembe ile, urefu wenye kazi wa mkono wa krankishafti ni milimita 27. Zidisha: unapata takriban nyutoni mita 60. Hendeli yenye mkono wa sentimita 22 itakudai nyutoni 270, yaani kama kunyanyua mzigo wa kilo 27 kwa ghafla. Mtu mzima mwenye afya anaweza. Mzee hawezi, na aliyechoka hafai kujaribu.

Msuguano ndio unaowadanganya wengi, kwa sababu hubadilika. Asubuhi ya baridi, iwe Detroit mwezi Januari au Njombe mwezi Julai, mafuta huwa mazito na kuondoa injini mahali iliposimama kunaweza kudai mara mbili ya hesabu yako ya mgandamizo. Model T ilikuwa na tatizo lake la ziada: sahani za klachi zilikuwa ndani ya mafuta yale yale ya injini, na kwenye baridi ziligandana kiasi kwamba ukizungusha injini unazungusha pia magurudumu ya nyuma. Wenye magari hayo walikuwa wakiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Likishakuwa hewani lilizunguka bure, na mara injini iliposhika lilisaidia kama flaiwili (gurudumu zito la injini) ya pili. Kwa hiyo usipime injini peke yake. Pima kila kitu kitakachozunguka pamoja nayo.

Andika namba mbili: nguvu ya kuiondoa mahali ilipo (kwa mfano wetu chukua nyutoni mita 120, kwa tahadhari) na wastani wa kuiendeleza ikishaanza kuzunguka (chukua 40). Namba ya kwanza ndiyo inayochagua mota na uwiano wa meno. Ya pili ndiyo inayochagua betri.

Hatua ya 2: Jua kasi ya chini inayohitajika

Kuizungusha injini hakutoshi. Lazima izunguke kwa kasi ambayo cheche na mafuta vitakubali. Hapa aina ya mfumo wa cheche ina uzito kuliko ukubwa wa injini.

Magneto hutengeneza umeme kwa mwendo wa sumaku, hivyo ikizungushwa polepole inatoa cheche dhaifu au haitoi kabisa. Magneto ya Bosch ya umeme mkali, iliyoingia kwenye magari kuanzia 1902, ilikuwa kifaa bora barabarani lakini mzigo kwa mwenye hendeli. Matrekta na ndege walipata dawa nzuri: kiungo chenye springi kati ya injini na magneto. Springi hujikunja injini inapozunguka polepole, kisha huachia ghafla. Magneto inaruka kwa kasi kwa mpigo mmoja, na cheche inatoka kali na imechelewa kidogo, mambo mawili unayoyataka wakati wa kuwasha. Kama injini yako ina kiungo hicho na unasikia kinapiga "tak, tak" ukiizungusha kwa mkono, kitunze.

Model T ilifuata njia nyingine. Kila silinda ilikuwa na koili yake yenye ulimi unaotetemeka, na ukiipa umeme wa betri ilitoa mfululizo wa cheche bila kujali kasi ya injini. Ndiyo maana pengine gari hilo liliwaka lenyewe: ukikuta silinda moja imebaki na mchanganyiko ndani yake na pistoni imepita kilele kidogo, unawasha swichi tu, koili inalia, injini inaondoka bila hendeli.

Mafuta nayo yana masharti. Kwenye kabureta, hewa ndiyo inayonyonya petroli, na hewa ya injini inayozunguka polepole haina nguvu ya kunyonya. Choki hufunga njia ya hewa ili mvutano uongezeke. Kwenye Model T waya wa choki ulitokeza mbele, karibu na rejeta, ili anayezungusha aweze kuuvuta mwenyewe. Ni jambo dogo, ila linaonyesha mhandisi aliyefikiria mahali mtu atakaposimama.

Kwa injini yenye cheche za betri, mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika hutosha kwa kawaida. Kwa magneto isiyo na springi, panga zaidi ya 100. Mfano wetu utatumia 80.

Hatua ya 3: Hendeli kwanza, hata kama unakusudia umeme

Usiache hendeli. Betri itakufa siku moja, na hendeli ndiyo itakayokufundisha injini yako kuliko kipimo chochote. Wengi wetu tuliiona kwenye Land Rover za zamani, zilizokuja nayo toka kiwandani, na mafundi wazee bado wanasema "piga hendeli" kwa heshima fulani.

Hendeli nzuri hukamata krankishafti kwa meno yenye mteremko upande mmoja. Injini ikiwaka na kuikimbia hendeli, mteremko unaisukuma nje, na springi inaizuia isirudi. Tatizo ni kwamba meno hayo huachia upande mmoja tu. Injini ikirudi nyuma, yanashika barabara na hendeli inakufuata mkononi kwa nguvu yote ya mlipuko. Teke hilo hutoka pale cheche inapowaka kabla pistoni haijafika kilele: barabarani kuwahisha huko ni sawa, kwa sababu moto unahitaji muda wa kusambaa, lakini kwa mizunguko 80 pistoni haijafika na tayari inasukumwa chini upande usio wake.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiruke hata mmoja. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho; kwenye Model T breki hiyo pia ndiyo iliyoachanisha klachi ya gia ya juu, na iliyovutwa nusu iliruhusu gari kumwendea aliyeko mbele. Chelewesha cheche kabisa: kwenye Model T ni kijiti cha kushoto cha usukani, kisukumwe juu. Fungua mafuta kidogo kwa kijiti cha kulia. Swichi ikiwa imezimwa, vuta choki na uzungushe robo mbili tatu ili silinda zipate mchanganyiko. Kisha washa swichi, simama imara, shika hendeli ikiwa chini, na ivute juu kwa mpigo mmoja. Vuta juu tu, usisukume chini kamwe: ukivuta juu na injini ikarudi nyuma, hendeli inachomoka vidoleni, ukisukuma chini, uzito wa mwili wako wote uko juu yake na hakuna pa kukwepa.

Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli. Na tumia mkono wa kushoto. Mwalimu wangu wa karakana alikuwa akitupigisha zoezi hili injini ikiwa haina hata plagi, mara ishirini kila mmoja, mpaka gumba lijifunze mahali pake lenyewe. Wakati ule nilidhani anatupotezea muda.

Hatua ya 4: Chagua nguvu ya kuzungusha

Sasa fanya hesabu itakayokushangaza. Wastani wa nyutoni mita 40 kwa mizunguko 80 kwa dakika ni wati 335 tu. Kwa sekunde tano ni juli 1,700 hivi, kazi sawa na kupandisha gunia la kilo 50 la mahindi urefu wa mita tatu na nusu. Injini ya nguvu farasi 20 inaamshwa na kazi ya mpagazi mmoja anayepanda ngazi! Kwa hiyo suala ni mahali pa kuhifadhi kazi hiyo na jinsi ya kuitoa haraka.

Watu walijaribu mengi. Springi kubwa ya kukunjwa kama ya saa ilihifadhi kazi hiyo vizuri, lakini kwa jaribio moja au machache. Injini ikikataa, unaanza kuikunja upya. Hewa iliyoshindiliwa, ambayo Winton wa Cleveland aliitumia kwenye magari yake, iliingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa zamu ikasukuma pistoni. Ilikuwa na nguvu, na tangi lilijaza hata matairi, ila ilidai vali za ziada kwenye kila silinda, na kila kiungo kilikuwa mahali pa kuvuja usiku kucha. Wengine walipitisha gesi ya asetilini, ileile ya taa, ndani ya silinda na kuiwasha kwa cheche. Hiyo ilihitaji pistoni isimame mahali panapofaa, na mlipuko wake ulikuwa mkali kuliko injini ilivyopenda. Siwezi kumshauri mtu yeyote leo aiguse asetilini kwa kazi hii.

Umeme haukuwa wazo jipya. Nchini Uingereza, H. J. Dowsing aliweka mota ya kuwashia kwenye gari la Arnold mwaka 1896, na Clyde Coleman wa Marekani alipata hataza ya starta ya umeme mwaka 1903. Kilichokosekana ni kuiona kazi kwa ufupi wake. Aliyeiona hivyo ni Charles Kettering, aliyekuwa ametengeneza mota ya kufungulia mashine za kuhesabia fedha dukani alipokuwa National Cash Register, Dayton, Ohio. Mota ile ilikuwa ndogo, ikafanya kazi kubwa kwa sekunde moja, kisha ikapumzika. Mota haiungui kwa sababu ya nguvu, inaungua kwa sababu ya joto, na joto linahitaji muda. Ukiizidishia mzigo mara tano kwa sekunde tano, inapata joto kidogo tu. Mwaka 1911 Kettering na kampuni yake ya Delco wakaipatia Cadillac ya Henry Leland mfumo uliofanya kazi, na Cadillac za 1912 zikatoka nao kama sehemu ya gari.

Hatua ya 5: Uwiano wa meno

Hapa ndipo mota ndogo inapata uwezo wa kuizungusha injini kubwa. Chukua ringi ya meno 120 kwenye flaiwili na pinioni, yaani gia ndogo, ya meno 10 kwenye mota: uwiano ni 12 kwa 1. Nyutoni mita 120 za kuondoa injini zinakuwa 10 tu kwenye mota. Mizunguko 80 ya injini inakuwa 960 ya mota, kasi inayoifaa mota ndogo.

Kwa nini usiende 30 kwa 1 na kutumia mota ndogo zaidi? Kwanza, pinioni yenye meno machache kuliko tisa hivi inakuwa na mzizi mwembamba na meno yanakatika. Pili, kasi ya injini itashuka. Tatu, kadiri uwiano unavyokua ndivyo hatari ya kukimbizwa inavyokua. Hata kwa 12 kwa 1, injini ikiwaka na kufika mizunguko 1,500 huku pinioni bado imeshika, mota yako itazungushwa mara 18,000 kwa dakika. Waya za amecha, sehemu ya mota inayozunguka, zitachomoka kwenye nafasi zake na kusaga kila kitu. Kati ya 10 na 15 kwa 1 ni mahali pa busara kwa injini za aina hii.

Ringi huwekwa kwenye flaiwili kwa kupashwa moto itanuke, ikae, kisha ipoe ikakaza. Fahamu jambo moja kabla hujainunua mpya: injini ya silinda nne husimama karibu kila mara katika sehemu mbili zilezile, kwa sababu mgandamizo ndio unaoizuia. Kwa hiyo meno huliwa sehemu mbili zinazotazamana, na kwingineko yanabaki mazima. Fundi makini huitoa ringi, akaigeuza robo ya mzunguko, na kuipa maisha ya pili.

Hatua ya 6: Mota

Tumia mota ambayo koili zake za fildi (zile zisizozunguka, zinazotengeneza sumaku) zimefuatana na amecha kwenye njia moja ya umeme. Mota ya namna hii ikiwa imezuiwa isizunguke, umeme mwingi hupita, sumaku ya fildi inakua na ya amecha inakua kwa pamoja; umeme ukiongezeka maradufu nguvu ya kuzungusha hukaribia mara nne, mpaka chuma kishibe sumaku. Inatoa nguvu kubwa zaidi pale inapohitajika zaidi, mwanzoni kabisa. Ubaya wake ni kwamba bila mzigo haijui mwisho wa kasi. Ukiijaribu mezani, ifunge kwenye jiliwa na uipe umeme kwa sekunde moja moja.

Brashi ziwe za shaba na grafiti. Za kaboni tupu zina ukinzani mkubwa mno kwa volti 6. Bushi za shafti ziangaliwe kabla ya kitu kingine: zikilika, amecha inagusa nguzo za fildi, na utalaumu betri bure.

Kwa mfano wetu: wati 335 zinahitajika kwenye flaiwili, mota inatoa nusu ya inachokula, kwa hiyo inakula wati 670. Kwa volti 5 zilizobaki wakati wa kuzungusha, hiyo ni ampea 134, panga 150. Wakati wa kuiondoa injini mahali iliposimama zitapita 250 au zaidi, kwa sehemu ya sekunde.

Hatua ya 7: Betri, waya na swichi

Ukinzani mdogo kabisa unakuwa adui ukiwa na volti 6. Chukua mita mbili za waya wa milimita za mraba 10: kwa ampea 150 unapoteza nusu volti. Waya wa 35 unapoteza volti 0.15 tu. Nusu volti inasikika ndogo, lakini ni moja ya kumi ya ulichonacho, na mota itaiona kama injini iliyoongezeka ugumu. Ungekuwa na volti 12, umeme wa kazi ileile ungekuwa nusu, na waya uleule ungekula sehemu ndogo mara nne. Ndiyo sababu Cadillac ya 1912 ilipanga betri zake zitoe volti 24 wakati wa kuwasha na kurudi 6 kwa kuchaji na taa, ingawa swichi ya kuzipanga upya ilikuwa mashine yenyewe. Dodge Brothers walipoanza mwishoni mwa 1914 walichagua 12. Dunia nzima ilikuja kufika hapo baadaye.

Waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri, una uzito uleule wa waya wa betri, na ndio unaosahaulika. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga boliti na washa ya kukwaruza, na peleka ethi kwenye injini yenyewe, sio kwenye fremu pekee.

Swichi za mwanzo zilikuwa kitufe kizito sakafuni cha kukanyaga, umeme wote ukipita ndani yake. Model T ilikuwa hivyo. Zinafanya kazi vizuri mradi zinakanyagwa kwa uhakika: mguu unaosita unatoa cheche zinazounguza vidole vya shaba. Solenoidi ya siku za baadaye, swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme, iliondoa tatizo hilo.

Hatua ya 8: Kushika, na hasa kuachia

Kama ungenipa dakika kumi tu za kufundisha somo la starta, ningezitumia zote hapa. Pinioni inapaswa kuingia kwenye ringi iliyosimama, kusukuma kwa nguvu, kisha kutoka yenyewe ndani ya sehemu ya sekunde injini inapowaka, bila dereva kufikiri.

Jibu lililoenea duniani ni la Vincent Bendix, lililoanza kuonekana kwenye magari mnamo 1914. Mafundi wa huku bado wanasema "bendeksi" hata kwa starta isiyo ya Bendix kabisa, kama wanavyotaja kitu kwa jina la aliyekileta. Pinioni imevaa shafti yenye nyuzi pana za skurubu, na upande mmoja ina uzito wa ziada. Mota ikiruka, shafti inageuka lakini pinioni, kwa uzito wake, inachelewa. Kwa kuchelewa huko inatembea juu ya nyuzi mpaka inaingia kwenye meno ya ringi na kugonga kizuizi. Hapo haina njia ila kuzunguka na kusukuma. Injini ikiwaka, ringi inaikimbiza pinioni kuliko shafti, na nyuzi zile zile zinairudisha ilikotoka. Hakuna waya, hakuna mkono, hakuna fimbo. Nimeifungua mara nyingi na bado naiheshimu.

Springi nene ya chuma hukaa kati ya shafti na nyuzi ili kupokea kishindo. Ndiyo inayovunjika, na sababu kubwa ni ileile iliyovunja mikono: cheche iliyowahi. Injini ikirudi nyuma bendeksi ikiwa imeshika, springi au boliti zake zinakatika. Kwa hiyo hata mwenye starta ya umeme kwenye Model T alipaswa kuchelewesha cheche kwanza. Kagua boliti hizo na vifungio vyake kila unapofungua. Nyuzi za bendeksi zisipakwe grisi: hushika vumbi la klachi na pinioni inanata. Zisafishe kwa mafuta ya taa, zikaushe, tone la mafuta mepesi latosha.

Njia nyingine ni klachi ya upande mmoja, yenye vigololi vinavyobana kwenye mteremko upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Delco waliitumia mapema, na starta nyingi za leo zinaitumia pamoja na solenoidi inayoingiza pinioni kabla mota haijaruka. Ni laini kwa meno. Na kuna njia ya tatu, ya Dodge: mota na dainamo ni kitu kimoja kilichofungwa kwa cheni moja kwa moja, kisichoachia kamwe. Ni kimya mno, ila uwiano wake lazima uwe mdogo, la sivyo kingekimbizwa mpaka kife. Matokeo yake ni mashine kubwa na nzito. Kwa injini ndogo ni suluhisho zuri sana.

Hatua ya 9: Rudisha ulichokopa

Ampea 150 kwa sekunde tano ni kama saa-ampea 0.2. Dainamo inayochaji ampea 10 inazirudisha kwa dakika mbili, hata ukihesabu hasara. Lakini bila dainamo, deni linajilimbikiza kimyakimya: kuwasha mara kumi kwa siku, na taa za jioni, na baada ya siku chache unarudi kwenye hendeli. Hapa ndipo Kettering aliwazidi waliomtangulia. Aliipanga starta, dainamo, betri, taa na cheche kama mwili mmoja, na mashine yake ileile ya kuwashia ndiyo iliyochaji.

Weka kikatio kinachozuia betri isirudishe umeme kwenye dainamo injini ikisimama. Bila hicho, dainamo inageuka kuwa mota iliyozuiwa, na asubuhi utakuta betri tupu na waya zimeungua.

Hatua ya 10: Jaribu kwa kipimo

Zima cheche, kisha mwenzako akanyage kitufe. Pima volti kwenye nguzo za betri wakati injini inazunguka, halafu kwenye boliti ya starta na mwili wake. Tofauti isizidi volti 0.3 kwa mfumo wa volti 6. Ikizidi, weka kipimo sehemu kwa sehemu: nguzo ya betri hadi kichwa cha waya, swichi upande huu na huu, mwili wa injini hadi nguzo ya ethi. Mahali volti inapopotea pana kutu au boliti legevu. Ukipagusa kwa nyuma ya mkono utasikia joto.

Kama volti kwenye starta zinabaki juu ya 4.5 na bado inazunguka kizembe, tatizo liko ndani ya mota au ndani ya injini. Chomoa plagi zote. Ikizunguka haraka, mota ni nzima na injini ndiyo inayodai zaidi ya ulivyohesabu katika hatua ya 1. Ikizunguka kizembe vilevile, fungua mota, uanze na bushi.

Usizungushe zaidi ya sekunde kumi kwa mfululizo, kisha ipumzishe dakika nzima. Mota hii ilipangwa kwa ajili ya sekunde hizo chache, na ukiheshimu hilo itaishi kuliko gari.